Ukurasa Uliokunywa Samli

Kitabu hakina jalada. Bibi Khole alitoka nacho Unguja
hadi Al Khoudh, ndani ya sufuria,
kimeviringwa kanga ili kifuniko kisigonge njiani.
Riwaya ya upelelezi, ya watu wastaarabu:
hakuna bastola, hakuna damu sakafuni,
ila mwokaji mmoja, maiti, uso ndani ya gunia la unga,
na mjane muuza mikate ambaye pua yake
inajua kuliko polisi wote wa mtaa.

Nimekisoma mara nne. Mara nne nimefika
ukurasa wa mia na themanini na sita.
Mjane amewakusanya jikoni: binamu, mwenye nyumba,
muuza mayai mwenye kidole kilichofungwa kitambaa.
"Aliyemuua yumo humu ndani," anasema, "naye ni—"
Halafu uzi wa mshono. Ukingo wa karatasi
iliyochanwa polepole, na mtu asiye na haraka.

Mama alicheka nilipomuuliza.
"Bibi yako hakuwa akiona karatasi tupu akaiacha.
Nyuma ya ukurasa wa mwisho aliandika vileja vyake."

Basi. Mwizi hakumtaka muuaji.
Alitaka kipimo.

Na kwetu kipimo si mchezo.
Nawajua dada wawili hawajasemezana
tangu arusi ya Seeb, kisa kijiko cha hiliki.

Nikaanza upelelezi siku ya Idi, tumbo tupu.
Nyumba nne, kutoka Mabela hadi Al Hail,
kila nyumba ubani, kahawa, kiyoyozi kikinguruma.
Kwa Ruzeina: vizuri, ila vikavu kama hotuba.
Kwa mke wa Humoud: vya dukani, bei bado imebandikwa
chini ya bati.
Kwa Bi Ghaniya: chumvi. Sikuuliza.

Kwa shangazi Thuweiba
kileja kilivunjika kabla jino halijakifikia,
na nyuma ya hiliki, taratibu, ukaja moshi.
Si moshi wa kuungua. Maji ya mawaridi ya Jabal Akhdhar,
yanayochemshwa kwa kuni mpaka yakumbuke kuni.
Bibi hakutia arki ya dukani hata siku moja.

Nikamtazama. Akajipepea, na chumba baridi kama friji.
"Umenenepa, mwanangu," akasema,
na mimi, msomaji wa riwaya, najua
mkosaji anapobadili mazungumzo.

"Shangazi, muuaji ni nani?"

Akanyamaza. Akaenda kwenye droo ya dawa za presha.
"Nilimwomba miaka kumi na tisa," akasema.
"Kila nikiomba: nitakupa ukijua kupika.
Akafa sijajua."

Mwandiko wa Bibi, umelala upande kama mtu anayesikiliza:

*Unga wa mchele vikombe vinne.
Samli kikombe na nusu, sukari kikombe,
upige mpaka iwe nyeupe; mkono ukichoka, hapo ndipo unaanza.
Viini vitatu. Hiliki, usiwe bahili.
Mawaridi ya Jabali kijiko. Cha pili usimwambie mtu.
Viringa, bonyeza kwa dole gumba, moto mdogo.
Juu vibaki vyeupe,
chini vione haya.*

Nikageuza. Lakini karatasi ilikuwa imekunywa samli
mpaka ikawa kioo, na pande mbili zimeingiana:
mjane ananyoosha kidole, *viini vitatu*,
mlango umefungwa kwa ndani, *moto mdogo*,
na pale penye jina, doa la dole gumba,
njano, duara, kubwa kama kileja.

"Mimi namjua," akasema shangazi.
"Nilimsoma kabla samli haijamfikia."

"Nani?"

"Njoo Alhamisi. Na samli yako."

Hii ni Alhamisi ya tatu.
Vileja vyangu bado vinapasuka.
Muuaji bado yuko huru.